Mzazi Bora wa Taifa

Nchi yetu haina ubaguzi. Nalisema hili mapema, ili aliyekuja kutafuta ila ageuze njia kabla hajachoka. Ubaguzi tuliupiga marufuku kwa sheria, asubuhi moja kabla ya chai, na ilipofika adhuhuri redio ikatangaza kwamba umesakwa nchi nzima na haukuonekana popote. Sheria yenyewe inaitwa Sheria ya Kutoona Rangi. Raia yeyote atakayetaja, kuuliza, kudokeza au kukodolea macho rangi ya mwenzake atachukuliwa na Afisa wa Kutoona, ambaye huvaa miwani myeusi kazini. Siku ilipopitishwa tulicheza ngoma mpaka kanga zikalowa.

Mwaka uliofuata ukafutwa umaskini. Huo haukuhitaji sheria, waraka ulitosha. Tangu siku hiyo asiye na kitu anaitwa mwananchi anayechipua, na mwenye navyo anaitwa mwananchi aliyechanua. Mimi nachipua tangu nizaliwe. Mama yangu alichipua mpaka siku tuliyomzika.

Kwa kuwa ni mtiifu wa sheria, sitakwambia watu wa Kileleni wana rangi gani. Nitasema tu kwamba babu zao walikuja na bendera, bunduki na minyororo ya kupimia ardhi, wakaupenda upepo wa kule juu, na kwamba mpaka leo wajukuu wao wakienda kununua mkate bila kofia pua zinawabambuka. Wala sitakwambia sisi wa Bondeni tuna rangi gani. Kofia hatuzihitaji, basi. Msomaji una macho yako, ila nakuomba usiyatumie, maana tutafungwa wote wawili.

Mimi ni mama ntilie. Napika chai na maharage kwenye machimbo ya mawe ya Bondeni, na hatua chache kutoka jikoni kwangu ndipo alipokuwa akikaa Siwatu binti Machano, akiponda kokoto. Mjane, mwembamba, mwenye maneno mengi na mazuri. Machimbo hayo ni mali ya shemeji wa Mheshimiwa Baltazari Ndimbo, Waziri wa Elimu Sawa kwa Wote Wanaostahili. Shemeji mwenyewe hatujapata kumwona. Mheshimiwa ndiye huja kila mwezi kuangalia mali ya shemeji, na huiangalia kwa uchungu mkubwa.

Siwatu ana mtoto mmoja, Kidawa. Habari hizi ni zao.

*

Bondeni tuna shule. Haina paa, na Wizara inaiita Darasa la Mazingira Wazi, na wageni kutoka ng'ambo huja kuipiga picha wakisema inapendeza. Watoto hufundishwa kusuka mikeka na kuchonga mipini ya majembe, kwa sababu wataalamu wa Wizara waligundua, bila kutaja rangi ya mtu, kwamba akili ya mtoto aliyekulia mahali pa joto huwa inakaa kwenye vidole.

Kileleni kuna Shule Kuu ya Mfano. Ina paa, ina maktaba, ina bwawa la kuogelea lenye maji ya vuguvugu. Ni ya serikali, ni ya bure, na iko wazi kwa kila mtoto wa nchi hii. Imeandikwa hivyo langoni kwa herufi za shaba. Mtoto hutakiwa kufaulu mtihani, na mzazi hutakiwa kufikia Kiwango cha Mzazi. Hayo tu.

Kidawa aliufanya mtihani akaongoza wilaya nzima. Siwatu akavaa doti yake mpya, akampaka mtoto mafuta mpaka akameremeta, wakapanda Kileleni kwa miguu. Mwalimu mkuu, Madamu Klotilda, aliwapokea vizuri sana. Alimshukuru Siwatu kwa kumsindikiza mtoto, kisha akauliza wenyewe wako wapi. Siwatu akajibu kwamba mwenyewe ni yeye. Madamu akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni wa heshima, akafungua maswali ya Kiwango.

Nyumbani kuna piano? Siwatu akasema hakuna. Chakula cha jioni huwa ni kitu gani? Akasema wanakula walichopata. Likizo huwa wanakwenda bahari gani? Akasema siku hizi hawaendi kokote.

Madamu akafunga faili. Akaeleza kwa upendo kwamba matokeo ya Kidawa ni mazuri mno, na mazuri mno ni dalili ya makosa ya karani. Na hata kama karani hakukosea, kumleta mtoto kama huyu huku juu ni kumtesa bure, atakosa wenzake wa kucheza nao. Mikeka ina soko. Akawapa maji ya kunywa, akawaonyesha mlango wa jikoni, ambao ndio wa karibu zaidi na njia ya Bondeni.

Sijawahi kumwona Siwatu analia, na siku ile pia hakulia. Alirudi akakaa akaponda mawe. Aliyaponda mpaka msimamizi akaja kulalamika kwamba kampuni inauza kokoto, haiuzi unga.

*

Sasa nikuletee Bwana Leopoldi. Huyu ni mtu wa Kileleni kwa kuzaliwa, na hata kama hukumwona mwenyewe ungeijua pua yake kwa namna ilivyokuwa ikibambuka. Alisoma Shule ya Mfano mpaka baba yake alipolinywa shamba kwa pombe likaisha. Pua yake ilimfungulia lango, mfuko wake ukamfungia. Wenzake waliokuwa wakimwita Leo wakaanza kumpita barabarani kama mlingoti wa taa. Akateremka polepole, mwaka hadi mwaka, mpaka akafika kwenye kibanda cha mabati kando ya machimbo, na chakula akawa anakula kwangu. Alikuwa akinilipa kwa hadithi. Hadithi zenyewe hazikuwa nzuri, lakini mtu ni mtu.

Siku ya pili baada ya safari ya Kileleni, Siwatu alikuja kunywa chai akamkuta Leopoldi anafuta sahani kwa kipande cha mkate. Akamtazama muda mrefu. Akamuuliza kama ana koti. Leopoldi akasema analo moja, la baba yake, lina tundu kwapani. Siwatu akamwambia basi mkono asiunyanyue.

"Kesho utakuwa baba," akamwambia.

Wakaenda watatu. Leopoldi mbele na koti, Kidawa katikati, na Siwatu nyuma amevaa aproni ya yaya, amebeba mkoba wa mwanawe. Madamu Klotilda aliagiza chai na biskuti. Maswali yalikuwa yale yale, na nakuapia majibu nayo yalikuwa yale yale, kwa sababu Leopoldi hajui kusema uongo, ndiyo maana ni maskini. Niwie radhi, ndiyo maana anachipua. Piano? Akasema ilikuwapo zamani, sasa hakuna. Madamu akapumua kwa huruma, akasema familia za jadi zinapitia mengi. Chakula? Akasema anakula alichopata. Madamu akasifu maisha yasiyo na makuu. Bahari? Akasema siku hizi haendi kokote. Madamu akasema laiti wazazi wote wangejali mazingira namna hiyo.

Kisha akamtazama mtoto, akamtazama baba, akamrudia mtoto. Midomo ikafunguka. Ukutani nyuma yake ilining'inia Sheria ya Kutoona Rangi, ndani ya fremu ya dhahabu. Midomo ikafungika.

"Masikio," akasema mwishowe. "Masikio ni yako kabisa."

Kidawa akaanza shule Jumatatu.

*

Unajua Bondeni siri haikai. Haikupita wiki mbili wanawake walikuwa wamejaa jikoni kwangu, kila mmoja na mtoto wake aliyefaulu akakataliwa, nami nikiwa wa kwanza kwenye foleni na mwanangu Shomari. Bwana Leopoldi akawa baba wa watoto wote wenye akili wa Bondeni. Malipo yake yalikuwa chakula, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na sisi tulishindana. Akanenepa. Koti likapasuka na kwapa la pili.

Lakini nisimsingizie. Ubaba aliushika. Alihudhuria vikao vyote, akasikiliza habari za kila mtoto, kisha akateremka mpaka machimboni kutusomea kutoka kichwani yote aliyoambiwa. Sisi tulikaa chini tukimzunguka. Siwatu hakuwa anatosheka. Alimuuliza mwalimu alisemaje hasa, kwa maneno gani, na alipotamka jina la Kidawa alikuwa ameshika kalamu au amekunja mikono.

Siku moja nilimwambia ajione ana bahati, mtoto anasoma, anataka nini tena. Akanijibu bila kunitazama. "Nataka niambiwe mimi."

Maana sisi tulikuwa tunaingia, ndiyo, lakini kwa mlango wa jikoni. Shuleni kuna kanuni za mayaya. Yaya husimama ukutani, mgongo umegusa ukuta, mkoba wa mtoto kifuani. Yaya hakai. Na mwanafunzi haruhusiwi kumwamkia yaya shikamoo, kwa kuwa heshima hupanda, haishuki. Humwambia hujambo, kama anavyomwambia mtoto mwenzake. Basi kila asubuhi langoni Kidawa alimwambia mama yake mzazi, "Hujambo, yaya," na Siwatu akajibu, "Sijambo, bibi mdogo," akampa mkoba. Jioni nyumbani mtoto alikuwa akimwamkia shikamoo hata mara tatu, kufidia.

Mpaka jioni moja. Nilikuwapo, nimekwenda kuomba chumvi. Kidawa alikuwa ameinamia daftari lake, kazi imemnogea, akanyoosha kikombe bila kuinua kichwa akasema, "Yaya, naomba maji."

Mtoto alipojisikia aliziba mdomo kwa mikono yote miwili, na machozi yakamtoka. Siwatu akachota maji akampa, akamwambia anywe tu, hakuna neno. Mimi nilisahau chumvi yangu nikaondoka. Nilikasirika siku ile mpaka nikashindwa kulala, na sikujua nimkasirikie nani, maana kila niliyemfikiria alikuwa amefuata sheria.

*

Wakati huo Wizara nayo haikulala. Wataalamu wake walipokagua Shule ya Mfano waligundua kwamba wanafunzi wanaoongoza, karibu wote, wana baba mmoja. Nchi nyingine wangeshtuka. Wetu waliandika ripoti nene yenye jalada la kijani. Ikathibitika kwamba siri ya elimu si paa wala vitabu wala mishahara ya walimu, bali ni baba anayehudhuria vikao akiwa amevaa koti. Kijana mmoja wa takwimu aliuliza inakuwaje mtu huyu ana watoto watano waliopishana wiki wiki kuzaliwa. Alihamishiwa takwimu za mbuzi. Swali jingine, ambalo kila mwenye macho angeliuliza, hakuna aliyeliuliza, maana miaka miwili jela si mchezo.

Ikatangazwa redioni. Bwana Leopoldi ni Mzazi Bora wa Taifa, atavishwa utepe na Mheshimiwa Waziri mwenyewe kwenye sherehe za Shule ya Mfano. Na Kidawa, kwa kuwa ndiye wa kwanza kati ya ndugu zake, atatoa shukrani kwa niaba yao, kisha atapewa ufadhili wa kusoma mpaka chuo kikuu cha ng'ambo.

Leopoldi alikuja kwangu amepauka. Alitaka kukimbia. Tulimkalisha, tukamlisha, tukamwambia aliyeyavulia maji nguo hana budi kuyaoga. Siwatu hakusema lolote, na kwa mtu mwenye maneno kama yeye, hilo lilinitia wasiwasi.

*

Siku ya sherehe ilianza kwa ajali ndogo. Mheshimiwa Ndimbo, usisahau, ni mzaliwa wa Bondeni. Alizaliwa huku, akasoma Shule ya Mfano enzi zile wanachukua mtoto mmoja kwa muongo ili waseme wamechukua, akapanda, akapona. Alishuka kwenye gari lake refu upande wa mbele, na mlinzi mpya wa lango, bila kuvunja sheria yoyote, akamwelekeza kwa adabu kwenye kibanda cha madereva. Mheshimiwa alikaa humo mpaka bendera ya gari ilipotambuliwa. Alipotolewa alicheka kwa sauti, akasema ni jambo la kawaida, akafuta jasho la shingoni. Mlinzi alipandishwa cheo kwa kutoona.

Ukumbini watu wa Kileleni walikuwa wameketi kwenye viti vya mto mwekundu. Jukwaani, Leopoldi na koti jipya, na nyuma yake watoto wetu wamejipanga. Sisi ukutani, mikoba kifuani. Mstari wa mbele kabisa palikuwa na kiti kimoja kitupu, kimefungwa utepe mweupe na shada la maua.

Mheshimiwa akahutubia. "Ndugu zangu mliochanua, nanyi mnaochipua huko ukutani," alisema, "leo historia imevaa viatu ikaja kututembelea. Mtazameni mtu huyu. Amezaa bila kuchoka, amelea bila kulalamika, na hajawahi kuiomba serikali hata dawati. Serikali inasema, kama ana watoto wote hawa na wote wanafaulu, wewe mwenye mmoja anayefeli una kisingizio gani?" Akamvisha utepe, wakapiga makofi. Sisi tukaambiwa tupige polepole, mikoba isianguke.

Kisha akashusha sauti. Akasema furaha hii ina doa. Madamu Klotilda amemweleza kwamba mama wa watoto hawa hajapata kuonekana shuleni hata siku moja. Bila shaka ni mgonjwa, au ametangulia mbele ya haki. Ndiyo maana wameandaa kiti cha heshima. Akaomba wote wasimame, wainamishe vichwa, wamkumbuke mama huyo kwa kimya.

Ukumbi mzima ukasimama. Wake wa Kileleni waliinamisha kofia zao. Mmoja alitoa leso. Na sisi tuliokuwa tumesimama tangu asubuhi tukaendelea kusimama, mama wa watoto wale tukijiomboleza wenyewe. Nilimwona Shomari kule jukwaani ananitazama. Nilitazama chini. Mungu anisamehe, nilitazama chini.

Ndani ya kimya kile nikasikia mkoba umewekwa sakafuni. Siwatu alikuwa ametoka ukutani. Alitembea katikati ya ukumbi na ndala zake zikipiga ta, ta, akafika mstari wa mbele, akaondoa shada la maua akaliweka pembeni bila kulivunja, akaketi.

Madamu Klotilda alimfikia wa kwanza. Akamwinamia, akamuuliza kama ana kizunguzungu, akamwambia jikoni kuna benchi. Siwatu akamuuliza kiti hiki ni cha nani. Madamu akasema ni cha mama wa watoto.

"Basi nimekaa kwangu," Siwatu akasema.

Watu wakanong'ona. Mheshimiwa aliteremka jukwaani na kipaza sauti chake mkononi, akasahau kukizima, kwa hiyo ukumbi mzima ulisikia. "Mama, usituharibie shughuli. Wewe si mama wa watoto hawa."

"Umejuaje, Mheshimiwa?"

Pale pakawa pazito. Mheshimiwa alifungua kinywa. Pembeni yake Afisa wa Kutoona alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akashika pingu zake tayari kwa neno litakalotoka. Mheshimiwa akakifunga kinywa. Akayatazama mavazi ya Siwatu, aproni na ndala, akaanza kusema kwamba kwa namna alivyovaa hawezi kuwa mama wa hawa. Siwatu akamuuliza kama serikali imefikia uamuzi kwamba anayechipua hazai. Nikasikia mtu anacheka ukutani, nikagundua ni mimi.

Mheshimiwa akainama karibu yake. Alidhani ananong'ona. Alimwambia anamfahamu, ni mtu wa machimbo ya shemeji. Akisimama sasa hivi watasema alizidiwa na joto, na yataisha. Asiposimama, kesho binti hana dawati, hana ufadhili, na yeye mwenyewe asirudi machimboni. Achague.

Nilikuwa naiona mikono ya Siwatu mapajani, imeikunja aproni. Hiyo ndiyo mikono inayovunja jabali. Nilijua anachofikiri kwa sababu nami nilikuwa nakifikiri, kwamba mtoto asome, sisi hata tukisimama ukutani mpaka kufa si kitu, mtoto asome tu. Tumeishi kwa wazo hilo vizazi na vizazi, na wao wanalijua kuliko sisi.

Siwatu akainua uso. "Nikuulize moja, mwanangu," alisema, na kumwita Waziri mwanangu lilikuwa jambo la kumfungisha, lakini umri ulimruhusu. "Ulisoma hapa. Siku yako ya zawadi, mama yako alisimama ukuta upi?"

Shingo ya Mheshimiwa ilimsaliti. Iligeuka ikaelekea ukuta wa dirishani, kona ya pili, ikakaa hapo. Pale alikuwa amesimama mke wa fundi baiskeli wa kwetu, na mkoba wa maua. Wote tukaona anamtazama, na wote tukaona hamwoni yeye.

Ndipo Kidawa aliposhika kipaza sauti cha jukwaani, kile alichowekewa cha kutolea shukrani. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Huyu ni mama yangu," alisema. "Anaitwa Siwatu. Nilikuwa namwita yaya kwa sababu niliambiwa, halafu siku moja nikamwita hivyo bila kuambiwa. Sitaki tena."

Akaacha karatasi ya hotuba palepale, akateremka, akaenda kusimama nyuma ya kiti cha mama yake na mikono mabegani mwake.

Miguu yangu iliondoka kabla yangu. Naweza kukudanganya kwamba nilikuwa jasiri, lakini ilikuwa hasira, hasira ya siku ya ile chumvi, ikanibeba mpaka mbele. Viti vilikuwa vimejaa. Nikamwambia bibi mmoja wa Kileleni aliyeshika leso kwamba naomba nikae, miguu imeniuma tangu mwaka jana. Akanipisha. Sijui kwa nini, na sikumuuliza. Wenzangu wakanifuata mmoja baada ya mwingine, wengine kwenye viti, wengine sakafuni mbele ya wageni wa heshima, na watoto wakamiminika kutoka jukwaani kila mmoja akitafuta wake. Shomari alinikumbatia mbele za watu, na yeye ni mtoto asiyependa kukumbatiwa.

Jukwaani akabaki Mzazi Bora wa Taifa peke yake. Akautazama utepe wake, akautazama ukuta mtupu, na mikoba yetu imetapakaa chini. Akateremka. Akaanza kuiokota mmoja mmoja, ya waridi na ya samawati, akaitundika mikononi na shingoni mpaka ikamfunika, kisha akasimama ukutani, mgongo umegusa ukuta, kama kanuni inavyotaka. Ndugu zake wa Kileleni walimtazama kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Mheshimiwa akatangaza kwamba sherehe zimeahirishwa kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Nje jua lilikuwa linawaka.

*

Wizara ilitoa taarifa kwamba hakuna kilichotokea, na kwamba kilichotokea kinachunguzwa. Kamati iliundwa kutafuta sababu ya kuwafukuza watoto wetu. Inatakiwa iwe sababu isiyotaja rangi wala kuchipua. Wajumbe wanakutana kila Alhamisi, wanapewa chakula cha mchana, na bado wanaitafuta. Leopoldi hawakuweza kumvua cheo, maana wangelazimika kueleza walikosea wapi. Mpaka leo ni Mzazi Bora wa Taifa na anakula kwangu.

Sababu ya kumfukuza Siwatu machimboni ilipatikana siku hiyo hiyo. Aliponda mawe kwa kiburi. Ufadhili wa Kidawa nao uliahirishwa hadi hali ya hewa itakapotengemaa. Hayo yaliuma, sitasema hayakuuma. Siwatu sasa anauza uji na mimi, na wateja wamepungua kwa sababu ya maneno yake, halafu wakaongezeka kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini Jumatatu ile ya kwanza baada ya sherehe tulipanda Kileleni wote, tumevaa nguo zetu wenyewe, watoto tumewashika mikono. Mlinzi aliyepandishwa cheo alitazama juu, akawa kama anahesabu mawingu. Tukapita lango la mbele, chini ya zile herufi za shaba, tukajipanga kwenye korido nje ya ofisi ya Madamu Klotilda. Siwatu aliingia wa kwanza. Mlango aliuacha wazi, kwa hiyo tuliona yote.

Hakungoja kukaribishwa. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa kikikaliwa na Leopoldi. Akasema amekuja kusikia maendeleo ya mwanawe.

Madamu alitazama dirishani, akatazama mlangoni akatuona tulivyo wengi, akafungua faili. Akaanza kusema. Alikuwa anasema polepole sana, neno moja moja, kwa sauti ya juu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya stesheni. "Ki-da-wa. Ni mtoto. Mzuri."

Siwatu akamwacha amalize.

"Madamu, sema kawaida tu," akamwambia. "Nasikia vizuri. Mwanangu anaendeleaje?"

Madamu akasogeza miwani yake. Akashusha sauti, na kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtu akasema kwamba hesabu anazimudu, insha ni nzuri, mwandiko unahitaji bidii, na jambo moja linalowasumbua walimu wote ni kwamba anapiga soga mno darasani.

"Hilo kalirithi kwangu," Siwatu akasema, akakivuta kiti mbele. "Endelea."